Matthew Lukwiya: Daktari aliyewafungulia lango waliokimbia vita

Nchini Uganda, jina la Daktari Matthew Lukwiya hutajwa kila Ebola inapozuka. Kazi yake ya awali, ya kuwapa hifadhi raia waliokimbia vita vya kaskazini, hutajwa mara chache, ingawa ndiyo iliyochukua miaka mingi zaidi ya utumishi wake.

Lukwiya alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake alikufa maji yeye akiwa bado mtoto, na mama akailea familia kwa biashara ndogondogo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na mwaka 1983 akaanza kazi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na Gulu. Hospitali hiyo ya misheni iliongozwa na wanandoa madaktari, Piero Corti wa Italia na Lucille Teasdale wa Canada. Kwa alama alizokuwa nazo, angeweza kubaki mji mkuu au kutafuta ajira ng'ambo.

Baada ya Yoweri Museveni kutwaa madaraka mwaka 1986, vita vilihamia kaskazini. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989, waasi waliingia Lacor wakitaka kuwateka watawa wa Kiitaliano. Lukwiya alijitoa achukuliwe badala yao. Alitembezwa porini takriban wiki nzima kabla ya kuachiwa, kisha akarejea wodini.

Vijiji vilipozidi kushambuliwa usiku, aliamua lango la hospitali liwe wazi kwa wanakijiji. Jua lilipokaribia kuzama walifika kwa maelfu, wanawake wakiwa na watoto mgongoni na mikeka kichwani, wakalala uani na barazani hadi alfajiri. Kisheria watu hao hawakuwa wakimbizi, kwani hawakuwa wamevuka mpaka wowote. Tena hospitali si kambi: kila anayelala humo huhitaji maji, choo na ulinzi, na wagonjwa nao wanasubiri. Kulifunga lango kungekuwa rahisi zaidi, na pengine wachache wangemlaumu.

Alikwenda Liverpool kusomea tiba ya watoto katika nchi za joto, akafaulu vizuri sana, kisha akarudi Lacor.

Mapema Oktoba 2000 alikuwa tena Makerere, akisomea shahada ya uzamili ya afya ya umma, alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi Lacor wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Aliondoka Kampala mara moja. Kabla maabara haijathibitisha kuwa ni Ebola, alikwishatenga wodi maalumu na kuomba wahudumu wa kujitolea. Hakutaka kumlazimisha mtu. Wauguzi walijitokeza, na baadhi yao wakafa. Mwishoni mwa Novemba, hofu ilipowafanya wafanyakazi wengi watake kuondoka, aliwakusanya na kuwaeleza kwamba yeye angebaki. Wengi wakabaki naye.

Lukwiya alifariki dunia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akiacha mjane na watoto watano. Mlipuko huo uliwapata watu 425 na kuua 224. Alizikwa katika ua wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale. Vita vilipopamba moto tena mwaka 2002, wanakijiji walirudi na mikeka yao kulala ndani ya ua huohuo.