Mwenye Hadithi ya Tai

Sidhani kuna mtu kanisani kwetu ambaye hajasikia hadithi ya tai aliyelelewa na kuku. Mkulima anamtia kifaranga wa tai bandani, anakua akidonoa mahindi mpaka anajiona kuku. Anakuja mtu anayejua tai ni nini, anamrusha mara moja, mara mbili, anarudi kwa kuku. Mara ya tatu anampandisha mlimani alfajiri, anamgeuza uso kwenye jua, naye tai anaenda zake. Nimeisikia kwenye kongamano la vijana, kwenye harusi, hata kwenye semina ya watu wa bima. Tunaihubiri kama haina mwenyewe. Mwenyewe yuko, na alikuwa mhubiri na mwalimu: James Emman Kwegyir Aggrey.

Alizaliwa Oktoba 1875 huko Anomabu, pwani ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Baba yake alikuwa msemaji wa chifu, kwa hivyo kijana alikulia mahali ambapo maneno yana uzito. Wamisheni wa Methodisti walimsomesha Cape Coast, na akiwa na miaka 15 tu tayari alikuwa amepelekwa kijijini kufundisha wengine. Mwaka 1898 akapanda meli kwenda Marekani, Chuo cha Livingstone katika mji wa Salisbury, North Carolina, chuo cha kanisa la Wamarekani weusi.

Angalia wakati wenyewe. Novemba mwaka huohuo wa 1898, katika jimbo hilohilo, mji wa Wilmington, wazungu wenye silaha waliua watu weusi na kuuondoa uongozi uliochaguliwa. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kutenganisha mabehewa ya treni kwa rangi. Mwaka 1900 katiba ya jimbo ikabadilishwa ili watu weusi wengi wasipige kura. Yaani kijana alitoka kwao kutafuta elimu, akatua katikati ya watu waliokuwa wanashushwa ngazi moja baada ya nyingine, na sababu ilikuwa moja tu, jinsi walivyozaliwa. Hayo ndiyo matabaka. Hayahitaji uwe umekosa chochote.

Alimaliza shahada mwaka 1902 na hakuondoka. Akabaki chuoni hapo kufundisha kwa karibu miaka 20, akaoa, akawekwa wakfu kuwa mchungaji, na baadaye akapewa makanisa mawili madogo ya mashambani. Hapa ndipo mimi niliyesomea biashara nampenda zaidi. Washirika wake walikuwa wakulima weusi waliofungwa na deni: mbegu kwa mkopo wa tajiri, mbolea kwa mkopo, na msimu ukiisha hesabu inasomwa na mwenye duka. Aggrey hakuishia kuwaombea. Aliwafundisha kilimo bora, akawahimiza wanunue ardhi, akawasaidia kuanzisha chama cha akiba na mikopo. Sisi tungesema sacco. Mkulima anayejua kusoma kitabu chake cha hesabu hawezi kudanganywa mara mbili, na mtu akishajua hivyo hata anavyosimama mbele ya mwenye duka hubadilika.

Mwaka 1920 Mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ulituma tume kuchunguza elimu Afrika, chini ya Thomas Jesse Jones. Aggrey alikuwamo, Mwafrika pekee. Walizunguka magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Mwaka 1924 tume ya pili ikaja upande wetu: Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanganyika na kusini zaidi. Siku hizo mgeni wa kutoka Mombasa kwenda Nairobi alipanda treni, na reli inapita hapahapa Sultan Hamud. Napenda kumfikiria dirishani.

Kenya aliyoikuta ilikuwa ngazi yenye vidato vitatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilikuwa tatu tatu kwa rangi, na fedha pia zilifuata rangi. Kipande kilikuwa kimeanza mwaka 1920. Harry Thuku alikuwa amekamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi, naye akapelekwa kizuizini Kismayu. Hapa Ukambani wamisheni walikuwa Nzaui tangu 1895, na Machakos kulikuwa na shule ya serikali ya Waafrika tangu 1915, lakini mkazo wake ulikuwa ufundi. Seremala alitakiwa. Mwanasheria hakutakiwa.

Katikati ya hayo anasimama Mwafrika mwenye shahada, amekaa meza moja na wazungu, anaandika ripoti kuhusu shule zao. Kabla hajafungua kinywa alikuwa ameshahubiri.

Alipofungua kinywa, mfano wake mwingine mashuhuri ulikuwa kinanda. Unaweza kupiga wimbo kwa vitufe vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake, ila wimbo uliokamilika unataka vyote. Kuna waliomwona mpole mno. Wafuasi wa Marcus Garvey hawakumpenda, na msomi W.E.B. Du Bois aliipinga vikali fikra ya Jesse Jones kwamba mtu mweusi afundishwe hasa kazi za mikono. Mimi naona Du Bois alikuwa na hoja. Ufundi si kosa. Kosa ni mtu mwingine kukaa ofisini na kuamua kwamba watoto wa kabila fulani au rangi fulani mwisho wao ni jembe na nyundo. Wazazi hapa huniuliza kama ni aibu mtoto kwenda chuo cha ufundi. Nawauliza nani amechagua: mtoto, au umaskini?

Lakini matokeo ya Aggrey yalivuka ripoti ya tume. Chifu Koinange wa Kiambu alimtuma mwanawe Mbiyu kusoma Marekani mwaka 1927, njia ileile aliyopita Aggrey. Mbiyu alirudi mwaka 1938 na shahada, na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha walimu Githunguri, kilichoendeshwa na Waafrika kwa michango ya Waafrika. Wakoloni walikifunga 1952, na mahali hapo pakawa pa kunyongea watu. Huko Nigeria, Nnamdi Azikiwe alimsikia Aggrey akiwa kijana, akaamua kwenda Marekani. Kwame Nkrumah alikuwa mwanafunzi wake. Wote wawili wakawa marais.

Kuna jambo moja nataka tulikazie macho. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alipojenga chuo cha Achimota, Aggrey alirudi nyumbani kusaidia kukiongoza, naye alishikilia kwamba wasichana waingie pamoja na wavulana. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Alijua unaweza kuondoa tabaka la rangi nje na kubaki na tabaka lingine ndani ya nyumba. Januari iliyopita nilikaa na familia mbili za kanisa hili karo ilipokuwa haitoshi, na kote kuwili aliyebaki nyumbani ni msichana. Hakuna aliyemchukia. Hesabu ilipigwa tu, na ilipopigwa jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Mfuko wetu wa karo unajadiliwa tena mwezi huu, na mimi nitapendekeza majina ya wasichana hao yasomwe kwanza.

Achimota ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alikwenda Marekani kumalizia masomo yake ya juu. Aliugua ghafla New York, akafa tarehe 30 Julai 1927, akiwa na miaka 51. Alizikwa Salisbury. Mtoto wake wa mwisho, Rudolph, alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Huyo alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Senegal, kisha Romania. Na nembo ya shule ya Achimota mpaka leo ina vitufe vya kinanda, vyeupe na vyeusi.