Michael Grzimek: Mpiga picha aliyelala ukingoni mwa Ngorongoro

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

JANUARI 10, 1959, ndege ndogo iliyopakwa mistari myeusi na myeupe mithili ya pundamilia iligongana na tumbusi angani, kaskazini mwa Tanganyika, ikaanguka. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu, Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, rubani, mpiga picha za filamu na mtafiti wa wanyamapori. Hakunusurika.

Kwa wengi wanaoishi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, jina hilo huenda likasikika kama la mbali. Hata hivyo, kazi aliyoiacha inawahusu kuliko inavyodhaniwa. Upande wa mashariki wa Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kutokana na maeneo ya Shinyanga na Mwanza, umepakana na mfumo uleule wa nyika aliokuwa akiupiga picha. Nyumbu wanaozaliana katika nyanda za kusini mwa Serengeti wakati wa mvua hawajui mpaka wa mkoa. Huingia katika Pori la Akiba la Maswa na kutoka wapendavyo.

Michael alizaliwa Berlin Aprili 12, 1934. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo aliyekabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt mwaka 1945, mji ule ukiwa magofu baada ya vita. Kijana alikulia katikati ya wanyama na kamera. Akiwa bado na umri wa miaka ishirini na ushei, alisafiri na baba yake hadi Kongo, na matunda ya safari hiyo yakawa filamu iliyotoka mwaka 1956, ikieleza jinsi wanyama wa porini wanavyokosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilitunukiwa katika tamasha la Berlin na kuingiza fedha nyingi.

Ni fedha hizo zilizowaleta Tanganyika. Awali walikusudia kununua ardhi ili kuipanua Serengeti, iliyokuwa imetangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa wakati huo, Peter Molloy, aliwapa wazo jingine. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuchora upya mipaka ya hifadhi na kuitenga Ngorongoro, ilhali hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala wanakwenda wapi msimu unapobadilika. Kilichohitajika kwanza ni hesabu.

Baba na mwana wakajifunza urubani, wakanunua ndege aina ya Dornier Do 27 yenye uwezo wa kuruka polepole na kutua katika uwanja mfupi, na Desemba 1957 wakaanza safari kutoka Frankfurt hadi Afrika Mashariki. Kambi yao ilikuwa Banagi, ndani ya Serengeti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Waliruka juu ya nyika wakifuata mistari iliyopangwa, wakihesabu kwa macho. Chini, waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni ili waweze kuwatambua tena wakiwa angani. Walikusanya pia nyasi za maeneo mbalimbali, wakitaka kujua kwa nini makundi yanapenda malisho fulani na kuyapuuza mengine. Wakati wote huo kamera ilikuwa ikizunguka. Miongoni mwa walioshiriki kupiga picha hizo alikuwa Alan Root, kijana aliyekulia Kenya, ambaye baadaye alijipatia jina kubwa katika fani hiyo.

Jumla waliyoipata ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, wakiwamo nyumbu 99,481. Baadaye ilidhihirika kuwa idadi hiyo ya nyumbu ilikuwa ndogo mno: hesabu ya mwaka 1961, iliyotumia picha zilizopigwa kutoka angani, ilikuta zaidi ya 220,000. Ajabu ni kwamba mpiga picha huyu alihesabu kwa macho, na waliomsahihisha wakatumia kamera.

Michael hakuiona filamu ikikamilika. Baba yake aliimaliza, na mwaka 1960 filamu hiyo, ambayo jina lake linatangaza kuwa Serengeti haipaswi kufa, ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Kabla ya hapo ilizua mzozo nchini Ujerumani. Maelezo yake yaliyafananisha makundi ya wanyama wa Serengeti na Akropoli ya Ugiriki, Kanisa la Mtakatifu Petro la Roma na jumba la Louvre, kwamba yote ni mali ya wanadamu wote. Waliopewa kazi ya kuzipima filamu waliona hilo limepita kiasi. Profesa Grzimek akakataa kulifuta. Serengeti iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, miaka sita kabla ya hiyo Akropoli.

Hata hivyo filamu hiyo haina budi kutazamwa kwa uangalifu. Wafugaji wanaonekana humo kama tishio, na nyika kama ardhi ambayo ingekuwa salama zaidi bila wao. Mwaka 1958 Wamasai walitakiwa kuiachia Serengeti, na mwaka uliofuata Ngorongoro ikatengwa. Pori la Maswa lilitangazwa mwaka 1962, na tangu hapo vijiji vya Wasukuma vilivyo kando yake vimeishi na swali la wapi ng'ombe wanaruhusiwa kukanyaga.

Tena, kilichowaongeza nyumbu hadi kupita milioni moja katika miaka ya 1970 hakikuwa mpaka pekee. Sotoka, maradhi yaliyokuwa yakiwaua ndama wa nyumbu, ilitoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walikuwa wamechanjwa. Zizi la mfugaji, ambalo filamu ililitilia shaka, ndilo lililoiponya nyika. Michael, aliyefariki kabla ya hayo, hakupata nafasi ya kuyatafakari.

Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo bonde lote huonekana chini. Juu ya kaburi lilijengwa piramidi la mawe lenye maandishi yanayoeleza kuwa alitoa vyote alivyokuwa navyo, pamoja na uhai wake, kwa ajili ya wanyama wa Afrika. Baba yake aliishi miaka 28 zaidi, akiendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya Serengeti, hadi alipofariki Frankfurt Machi 13, 1987. Majivu yake yalisafirishwa hadi Tanzania na kuzikwa kando ya mwanawe, karibu na barabara ambayo magari ya watalii huipita kila siku yakielekea Serengeti.