W. E. Taylor na Lahaja ya Mvita

William Ernest Taylor alizaliwa Uingereza mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1880 akiwa mmisionari wa shirika la CMS. Alitumwa kuhubiri Injili. Hata hivyo, wanaomkumbuka zaidi leo ni wanafunzi wa ushairi na lahaja.

Wageni wengi wa enzi hizo walikifuata Kiunguja, ambacho Edward Steere alikuwa amekwisha kukiandikia vitabu. Taylor alishikilia Kimvita. Alizingatia kwamba Mmvita husema ndia, nti na mato pale ambapo Mwunguja husema njia, nchi na macho. Aidha, alitambua kuwa lahaja hii ina t ya meno na t ya ufizi, na kwamba paa la nyumba halitamkwi sawa na paa wa mwituni, ambaye jina lake hutolewa kwa mpumuo. Tofauti hizi alizitilia alama katika maandishi ya Kirumi.

Sikio hilo halikujifunza peke yake. Mwalimu wake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi wa Mombasa, aliyekusanya tungo za Muyaka bin Haji na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Taylor akazinakili na kutaka ufafanuzi wa maneno magumu. Kwa hakika, sifa kubwa ni ya Sikujua, ingawa jina la mgeni ndilo lililotangulia katika maktaba. Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alichapisha jijini London African Aphorisms, mkusanyiko wa mamia ya methali na misemo ya Waswahili. Mwaka huohuo akatoa pia msamiati wa Kigiriama.

Mnamo 1915, C. H. Stigand alipochapisha kitabu chake kuhusu lahaja za Kiswahili, Taylor alikiandikia utangulizi na kuchangia tafsiri ya Al-Inkishafi.

Taylor alifariki mwaka 1927. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa, mji wa Kimvita chenyewe, uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Alama zake hazikuingia katika tahajia hiyo, na paa wote wawili wakaandikwa namna moja. Miswada ya Muyaka, hata hivyo, ilikuwa imesalimika London: William Hichens aliitumia kuandaa diwani ya mwaka 1940, naye Mohamed Abdulaziz akairejelea katika kitabu chake cha 1979.