Al-Jahiz wa Basra, Bwana wa Kuunga Habari kwa Habari

Tulipokuwa vijana, barazani kwetu tulikuwa na mchezo baada ya sala ya Isha. Mmoja hutoa habari yoyote aijuayo, tuseme habari ya chumvi. Wa pili lazima atoe habari nyingine yenye kushikana na ile ya kwanza, ijapokuwa kwa uzi mwembamba, na wa tatu vivyo hivyo, hata mnyororo uzunguke baraza nzima. Mwenye kukatikiwa hununua kahawa. Mimi nilinunua kahawa nyingi sana. Alikuwapo mzee mmoja aliyesoma vitabu vya Kiarabu, naye alikuwa akitucheka, akituambia kwamba mchezo ule una sultani wake, na sultani huyo alizikwa Iraki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Maneno hayo sikuyatia maanani hata siku mhariri mmoja aliponirudishia makala yangu. Kosa langu, kwa mujibu wake, ni kwamba nilianza na jahazi nikamaliza na sisimizi. Niliona uchungu, si haba. Nikaenda kumtafuta yule sultani ili anifae kuwa wakili.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr, naye alizaliwa Basra yapata mwaka 776. Watu walimwita Al-Jahiz kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza, na wala hakuna aliyejaribu kudai kuwa alikuwa mzuri wa sura. Nasaba yake ilikuwa ya watu wa chini waliojiegemeza kwa kabila la Kinana, na wapokezi wanasimulia kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Katika ujana wake alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan. Basi msomaji amweke akilini hivyo: kijana maskini, mweusi mweusi, macho kama ya chura, kapu la samaki mkononi.

Lakini Basra ya wakati huo ilikuwa bandari ya vyombo vya Uhindi na vya pwani yetu hii, na nje ya mji palikuwa na soko la Mirbad, ambako Mabedui walikuja na ngamia wao pamoja na mashairi yao. Msikitini walikaa wanazuoni wa lugha kama Al-Asma'i na Abu Ubayda, na kijana wetu alisikiliza kote kuwili. Karatasi nazo zilikuwa zimeanza kutengenezwa Baghdad mwishoni mwa karne ya nane, kwa hiyo vitabu vilizidi na maduka ya wanakili yakafunguliwa. Al-Jahiz hakuwa na fedha za kununua, bali alikodi maduka hayo kwa usiku, akafungiwa ndani na taa, akasoma mpaka alfajiri.

Mama yake alichoshwa na mambo hayo. Husimuliwa kwamba siku moja kijana aliomba chakula, na bibi yule akamletea sinia limejaa madaftari, kwa maana hayo ndiyo mapato yake. Akatoka kwa huzuni akaenda msikitini. Huko tajiri mmoja, Muways bin Imran, alimwona uso umemshuka, akamuuliza, na alipoambiwa kisa akampa dinari 50. Akarudi nyumbani na wachukuzi wamebeba unga na vyakula vinginevyo. Mama alipostaajabu vimetoka wapi, alijibiwa kwamba vimetoka katika yale madaftari ya kwenye sinia.

Yapata mwaka 815 risala zake juu ya uimamu zilimpendeza Khalifa Al-Ma'mun, na mlango wa Baghdad ukafunguka. Alipewa kazi katika diwani ya makatibu, akakaa siku tatu tu akaomba aachwe. Baadaye sana Khalifa Al-Mutawakkil alitaka kumfanya mwalimu wa wanawe, lakini alipomtazama uso akabadili nia, akampa dirhamu 10,000 aende zake. Kisa hicho Al-Jahiz alikisimulia mwenyewe, tena kwa kicheko.

Sasa tuje kwenye mnyororo. Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Hayawan, kitabu cha wanyama, ambacho kilipochapwa Cairo katika miaka ya 1938 hadi 1945 kilijaza majuzuu saba. Mwenye kukifungua akitaraji mpangilio wa mwalimu wa skuli atapotea njia mara moja. Anaanza na sifa za vitabu. Halafu huja mjadala mrefu baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, nao unakwenda kurasa mamia, na ndani yake mna mashairi, hukumu za fikihi, dawa, mizaha na ugomvi wa makabila. Kutoka kwa njiwa unaingia kwa nzi, na kutoka kwa nzi unamkuta kadhi.

Kadhi huyo ni Abdallah bin Sawwar wa Basra, mtu mwenye haiba kiasi kwamba akishaketi msikitini hasogezi mkono wala hageuzi shingo, kama nguzo. Siku moja nzi alimtua puani. Kadhi akavumilia. Nzi akahamia pembe ya jicho akauma. Kadhi akafumba kope, nzi akaondoka kidogo akarudi pale pale penye kidonda, na hali ikaendelea hivyo, watu wakimkodolea macho, mpaka kadhi akalazimika kumfukuza kwa mkono, kisha kwa upindo wa nguo yake. Akakiri mbele ya wote kwamba kiumbe dhaifu kabisa amemshinda. Kwa wengine kisa kingeishia hapo. Al-Jahiz anakumbuka nzi aliyemwandama yeye mwenyewe njiani, na safari inaendelea.

Je, alikuwa akitangatanga? Yeye mwenyewe aliliona swali hilo, na anajitetea kwamba msomaji huchoka kwa jambo moja, hata likiwa zuri, kwa hiyo humhamisha kutoka uzito kwenda mzaha. Lakini mimi naona kulikuwa na zaidi. Kwake yeye hakuna kiumbe kidogo asichoweza kukitumia kuonyesha hekima ya Muumba, na akishaamini hivyo, nzi na kadhi si mambo mawili yaliyo mbalimbali. Alikuwa Muutazila, mwanafunzi wa Al-Nazzam, na wanazuoni wa Kisunni walimlaumu sana kwa itikadi hiyo. Hilo tusilifiche. Hata Aristotle alimsoma, na pale alipoona maneno yake hayana ushahidi hakusita kumpinga.

Kitabu hicho alimtunukia Waziri Ibn al-Zayyat, akalipwa dinari 5,000. Waziri huyu alikuwa na tanuri lenye misumari ndani, la kuwatesea watu. Mwaka 847 mamlaka yalipogeuka, alitiwa humo humo mwenyewe akafa. Al-Jahiz akakimbia. Akakamatwa, akaletwa na mnyororo wa chuma shingoni, nguo zimechanika, mbele ya adui wa waziri, Kadhi Ahmad bin Abi Du'ad. Hapo ulimi ndio uliomwokoa. Alijitetea kwa maneno matamu hata kadhi akaamuru afunguliwe, na husimuliwa kwamba mhunzi alipoupinda mguu wake kwa nguvu, mfungwa alimzaba kofi, baraza likaangua kicheko. Akapelekwa hamamu, akavikwa nguo mpya, akaketishwa mahali pa heshima. Kitabu chake cha ufasaha, Al-Bayan wa al-Tabyin, alimpa kadhi huyo, naye akalipa dinari 5,000 vile vile.

Kuna risala yake moja inayotuhusu sisi wa pwani. Ni ile ya fahari ya weusi juu ya weupe. Humo anawataja Wazanji, anawasifu kwa nguvu, ukarimu na ufasaha, na anawasemea hoja kwamba watu wa Iraki hawajawaona Wazanji wa kweli, bali wamewaona mateka waliotwaliwa pwani. Anataja Qanbalu, ambayo wengi huiona kuwa ni Pemba, na Lanjuya, ambayo ni Unguja. Mara ya kwanza kuyasoma majina hayo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Hata hivyo, katika vitabu vyake vingine mtu huyu huyu aliandika maneno ya kuwadharau Wazanji. Wako wasemao kwamba ile risala ilikuwa mchezo tu wa kuonyesha ustadi wa kubishana. Mimi siafiki, mjukuu wa mchunga ngamia mweusi hakosi kuwa na neno lake moyoni. Lakini yale ya dharau pia aliyaandika yeye, na sijapata la kumtetea.

Uzeeni alirudi Basra. Upande mmoja wa mwili ulipooza, mwingine ukashikwa na jongo hata hakuweza kuvumilia kuguswa. Alifariki Muharram mwaka 255 Hijria, akiwa na zaidi ya miaka 90. Waandishi wa baadaye wanasema vitabu alivyovipanga kama kuta kumzunguka ndivyo vilivyomwangukia. Kisa hiki kilichelewa mno kuandikwa, na mimi sikitegemei, ingawa nakiri kwamba nakipenda.

Mwaka huo huo, mwezi wa Ramadhani, watumwa waliokuwa wakikwangua tabaka la chumvi katika mabwawa karibu na Basra waliinuka na silaha. Wengi wao wakiitwa Wazanji. Mwaka 871 waliuingia mji wa Al-Jahiz kwa upanga na moto. Kutoka hapo ningeweza kuunga habari ya chumvi, nikarudi barazani kwetu nilikoanzia, lakini nafasi niliyopewa katika ukurasa huu imekwisha.