Hughlings Jackson: Daktari Aliyekitafuta Chanzo cha Kifafa



Ndugu zangu, Ar-Razi na Ibn Sina walikieleza kifafa kuwa ni maradhi ya ubongo karne nyingi zilizopita. Leo nakusimulieni habari za daktari wa Kiingereza aliyeizidisha elimu hiyo. Hakuwa wa dini yetu, lakini alilolifanya linawahusu jirani zetu na jamaa zetu.

John Hughlings Jackson alizaliwa mwaka 1835 huko Yorkshire, mtoto wa mkulima. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Alisomea udaktari York na London, na mwaka 1862 akaajiriwa katika hospitali ya Queen Square, London, iliyoanzishwa kwa ajili ya waliopooza na wenye kifafa. Akadumu hapo zaidi ya miaka 40.

Kazi yake ilikuwa kutazama kwa subira. Mtukutiko umeanzia wapi: kidole gumba, pembe ya mdomo, au mguuni? Umepanda vipi? Mgonjwa akifariki, aliuchunguza ubongo wake. Hivyo akatambua kwamba kila kiungo kina sehemu yake katika ubongo, na kwamba kifafa ni mshtuko wa ghafla unaofumka ndani ya ubongo wenyewe.

Elimu hiyo iliingia hadi nyumbani kwake. Mwaka 1865 alimuoa binamu yake, Elizabeth Dade. Mwaka 1876 damu iliganda katika ubongo wa bibi huyo, akapatwa na mitukutiko ya aina ileile aliyokuwa akiieleza mumewe, kisha akafariki. Hawakujaliwa mtoto, na Jackson hakuoa tena.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo daktari mwenzake, aliyeandika habari za kifafa chake akijificha nyuma ya jina la Quaerens, naye Jackson akamwita Z. Mwaka 1894 alifariki kwa kuzidisha dawa ya usingizi. Ubongo wake ulipofunguliwa, lilikutwa tundu dogo upande wa kushoto, katika sehemu ileile aliyoitilia shaka Jackson. Mwaka 1899 Jackson aliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wanaokosa pumzi hata katika kifafa kidogo. Alifariki mwaka 1911.

Habari hiyo ya pumzi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mtaani kwetu kijana mwenye kifafa alikutwa asubuhi amefariki kitandani. Tulimzika kabla ya Adhuhuri, na jioni wengine walikwisha kusema ni jini, wengine kwamba mama yake hakumwangalia. Yule mama alikuwa na misiba miwili.

Madaktari wanakijua kifo cha namna hii. Kwa watu wazima wenye kifafa, kila mwaka humfika takriban mmoja katika 1000. Maiti huchunguzwa, na haionekani sumu, jeraha wala maradhi mengine yaliyoua. Utafiti uliotolewa mwaka 2013, wa wagonjwa waliofariki wakiwa kwenye mashine za uangalizi hospitalini, ulionyesha kwamba baada ya mtukutiko mkubwa pumzi huvurugika na kukatika, kisha moyo husimama. Wengi hukutwa wamelala kifudifudi.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye mitukutiko mikubwa isiyodhibitiwa, hasa usiku akiwa peke yake. Basi asiache dawa bila ya daktari, hata katika Ramadhani. Aulize zipangwe vipi saa za kuzimeza. Chumba cha bweni asilale peke yake. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na usiondoke mpaka apumue vizuri na kuzinduka.

Ama uchunguzi wa maiti, wanazuoni wengi wa zama hizi wanauruhusu panapokuwa na haja. Familia ikitaka kujua, tusiizuie kwa haraka ya kuzika. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, lakini kujua sababu humwondolea mama tuhuma asiyostahiki.