Mtakatifu Thomas More: Kansela Aliyeimba Kwaya ya Parokia

Tarehe 22 Juni Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Thomas More, msimamizi wa wanasheria. Wengi tunajua jinsi alivyokufa. Leo napenda tuangalie jinsi alivyoishi na watu wake, hasa alivyopenda nyimbo, maigizo na sherehe, kwa sababu naona kifo chake hakieleweki vizuri bila hayo.

Thomas alizaliwa London mwaka 1478, mtoto wa mwanasheria John More. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kulelewa nyumbani kwa Askofu Mkuu John Morton wa Canterbury. Wakati wa Krismasi, waigizaji walipokuwa wakitumbuiza, Thomas alijitosa katikati yao bila mazoezi yoyote. Alijitungia nafasi yake papo hapo, na watu wakamfurahia kuliko waigizaji wenyewe. Morton akawaambia wageni wake kwamba kijana huyo atakuja kuwa mtu wa ajabu.

Mwaka 1496 aliingia Lincoln's Inn, mojawapo ya vyuo vya mawakili wa London, ambavyo vilikuwa na desturi ya kusherehekea Krismasi kwa muziki na michezo. Kwa miaka kadhaa alisali pamoja na watawa Wakartusi akiutafakari wito wake, kisha akachagua ndoa. Nyumbani kwake muziki haukukosekana. Hata mke wake wa pili, Alice, alijifunza ukubwani kupiga ala za nyuzi na filimbi kwa kumridhisha mumewe.

Mwaka 1510 akawa msaidizi wa shirifu wa London, akiamua kesi za wakazi wa jiji, na mara nyingi hakudai ada. Watu walimpenda. Kaisari Karolo V alipoitembelea London mwaka 1522, mitaa ilipambwa kwa majukwaa ya maonyesho. Onyesho mojawapo lilibuniwa na shemeji yake John Rastell, naye pia mwanasheria, na More ndiye aliyetoa hotuba ya Kilatini ya kumkaribisha mgeni.

Mwaka 1529 Mfalme Henry VIII alimfanya Kansela Mkuu. Siku moja Mtawala wa Norfolk alikwenda Chelsea kula naye chakula, akamkuta kanisani akiimba na kwaya, amevaa vazi jeupe kama wanakwaya wengine. Norfolk aliona ni aibu kwa mfalme Kansela wake kufanya kazi ya karani wa parokia. More alimjibu kwa upole kwamba mfalme hawezi kuchukizwa na mtu anayemtumikia Mungu, aliye Bwana wa mfalme pia.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Katika kipindi chake cha ukansela watu sita walichomwa moto kwa kosa la uzushi, naye aliunga mkono adhabu hiyo. Jambo hilo linatuumiza sisi tunaolisoma leo, na si haki kulificha.

Mwaka 1532 alijiuzulu. Miaka miwili baadaye watu walitakiwa kuapa kuwakubali watoto wa Anne Boleyn kuwa warithi wa ufalme, kwa maneno yaliyokataa pia mamlaka ya Papa. Alikataa, akafungwa katika Mnara wa London. Hata binti yake mpendwa, Margaret, alimsihi aape. Ingekuwa rahisi kuyatamka maneno yale kwa midomo tu.

Hapa namkumbuka yule kijana wa Krismasi. Aliyejua kuigiza kuliko wote alikataa kuigiza mara hii moja. Igizo halimdanganyi mtu, kwa sababu jukwaani na ukumbini wote wanajua kuwa ni igizo. Kiapo humwita Mungu awe shahidi. Ukikiigiza, umeiuza nafsi yako. Tarehe 6 Julai 1535 alikatwa kichwa, akiwa bado na utani mdomoni. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1935.

Katika jubilei za parokia zetu, wakili akivaa sare ya kwaya na kusimama bega kwa bega na fundi na mama lishe, wapo wanaodhani anajishusha. More anatuonyesha kwamba hapo anajifunza kuwa mtu mmoja tu, kanisani na mahakamani. Mtakatifu Thomas More, utuombee.