Freddie Mercury: mtoto wa Zanzibar aliyetangaza ugonjwa wake siku moja kabla ya kufa

Hata kama jina lake haulijui, wimbo wake umeisha kuusikia. Kila mara timu inapobeba kombe kwenye televisheni, ule wimbo wa mabingwa ambao stade nzima inaimba, mikono juu, ni yeye aliyeutunga mwaka 1977. Anaitwa Freddie Mercury. Wengi wanafikiri ni Muingereza tu. Kumbe alizaliwa upande wetu huu wa Afrika, kwenye kisiwa cha Zanzibar, mahali ambapo sokoni watu wanaongea Kiswahili.

Leo tunasimulia maisha yake juu ya namna alivyokufa. Kifo chake kinatufundisha kuhusu magonjwa ya zinaa kwa watu ambao wengi kati yetu hatutaki hata kuwataja: wanaume wanaolala na wanaume wenzao. Ni habari ngumu kuizungumza kwenye redio. Lakini watu hao wako katika kila nchi, na huku kwetu pia. Wengine wana wake na watoto. Wengine wanasali nasi siku ya Mungu. Afya yao na afya ya jamaa zao ni kitu kimoja.

Kutoka Zanzibar mpaka London

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake Bomi na mama yake Jer walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, watu wa dini ya Zoroaster, dini ya zamani sana ya Uajemi. Baba alikuwa karani wa fedha kwenye mahakama kuu, katika serikali ya Waingereza.

Akiwa na miaka 8 hivi walimtuma India, kwenye shule ya bweni ya Panchgani. Huko ndiko wenzake walianza kumuita Freddie, na huko alijifunza piano na kuimba katika kikundi cha wanafunzi. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalitokea, damu ikamwagika, na jamaa yake ikakimbia na mizigo michache mpaka Feltham, karibu na London. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezewa kukimbia ni nini. Yeye alikuwa na miaka 17.

Alisoma kazi ya kuchora kwenye chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Alibeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, akauza nguo za mitumba kwenye soko la Kensington. Mwaka 1970 yeye, Brian May na Roger Taylor walianzisha kikundi cha Queen, na mwaka uliofuata John Deacon akaingia. Ni wakati ule pia Bulsara alijiita Mercury. Mwaka 1975 wimbo wao Bohemian Rhapsody ulienea dunia nzima. Tarehe 13 Julai 1985 walipanda jukwaa la Wembley, katika tamasha la kusaidia watu wa Ethiopia waliokuwa wanakufa njaa. Dakika kama 20 tu, lakini mpaka leo watu wa muziki wanalihesabu kuwa moja ya maonyesho makubwa kuliko yote.

Maisha ya pande mbili

Kwa miaka kama 6 Freddie aliishi na mwanamke, Mary Austin. Halafu akamwambia ukweli, kwamba anavutwa na wanaume. Waliachana kama wapenzi lakini wakabaki marafiki mpaka mwisho.

Hapa inafaa tukumbuke sheria. Freddie alipofika Uingereza mwaka 1964, mwanaume aliyelala na mwanaume mwenzake aliweza kufungwa gereza. Sheria ililegezwa mwaka 1967 tu, tena kwa watu wa miaka 21 na zaidi, na kwa siri ya nyumba. Magazeti yaliendelea kuwinda na kucheka. Kwa hiyo hata mtu tajiri na maarufu kama yeye alijifunza kuishi na sura mbili: moja ya jukwaani, moja ya usiku. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikaa sana Munich, Ujerumani, na alitembelea New York mara nyingi. Ilikuwa maisha ya baa, pombe na wapenzi wengi.

Asichokijua mtu yeyote wakati ule ni kwamba virusi vilikuwa vimeisha kufika. Watafiti wamefuata alama zake katika damu zilizohifadhiwa: vilianza kuenea kwa watu Kinshasa kwetu miaka ya 1920, vikasafiri na reli na mito, vikapita Haiti, na vikafika New York karibu mwaka 1970. Ugonjwa ulitangazwa mara ya kwanza Marekani mwezi wa 6 mwaka 1981. Virusi vyenyewe vilijulikana 1983, na kipimo cha damu kikapatikana 1985. Ni kusema, kwa miaka zaidi ya kumi watu waliambukizana bila mtu wa kuwaonya.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1987 Freddie aliambiwa kwamba ana virusi vya SIDA. Wakati huo alikuwa anaishi na Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland. Alielewesha watu wachache wa karibu tu. Aliendelea kuimba studio, mara nyingi Montreux, Uswisi, huku mwili unaisha. Waandishi wa magazeti walisimama mbele ya mlango wake wakitafuta picha ya mgonjwa.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo kwamba ana SIDA. Kesho yake jioni, tarehe 24, akafariki nyumbani kwake London, kwa nimonia iliyoletwa na ugonjwa ule. Alikuwa na miaka 45. Makuhani wa dini ya wazazi wake waliongoza mazishi.

Jim Hutton naye alipimwa mwaka 1990, akakutwa na virusi. Yeye aliishi mpaka wakati wa dawa za kuunganisha, zile zilizoanza 1996. Alikufa mwaka 2010, na iliyomuua ni kansa. Watu wawili wa nyumba moja, virusi vilevile. Mmoja alikufa miaka 5 kabla ya dawa, mwingine aliishi miaka 20 baada ya kipimo.

Hatari inatoka wapi?

Watu wengi wanajibu haraka: ni laana, ni adhabu. Hapana. Virusi havijui mtu ni wa aina gani. Mwaka 1983, wakati Ulaya na Marekani walikuwa wanasema ni ugonjwa wa wanaume wa namna ile, waganga walipima wagonjwa Kinshasa kwa wiki tatu. Walikuta watu 38 wenye SIDA: wanaume 20, wanawake 18. Hapa kwetu ulikuwa ugonjwa wa baba na mama tangu mwanzo.

Sasa kwa nini wanaume wanaolala na wanaume wanapatwa zaidi? Sababu zinajulikana, tuzitaje wazi.

Ya kwanza ni ya mwili. Ngozi ya ndani ya njia ya nyuma ni nyembamba na inachubuka upesi. Kulala kwa njia ile bila kondomu, ile tunaita kapoti, kunapitisha virusi kwa urahisi zaidi kuliko njia ya kawaida, na mwanamke anayelala hivyo na mume wake ana hatari ileile. Tena mafuta ya kujipaka yanaharibu kapoti, inapasuka. Inayofaa ni ile giligili ya maji inayotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ya pili, magonjwa mengine yanafungua mlango. Kaswende na kisonono, ile wengi wanaita sopisi, zinaweza kukaa kooni au njia ya nyuma bila maumivu, bila usaha. Mtu anajiona mzima. Kumbe anaambukiza, na virusi vya SIDA vinamuingia kirahisi.

Ya tatu ni kutokujua. Kwa miaka mingi matangazo yetu yamezungumza juu ya mwanaume na mwanamke tu. Vijana wengine wameelewa kwamba pasipo mwanamke hapana hatari. Kosa hilo ni letu sisi tunaotoa habari.

Ya nne ni wapenzi wengi kwa wakati mmoja katika kundi dogo, pamoja na pombe, na kulala na mtu juu ya pesa, ambapo mwenye pesa ndiye anaamua kama kapoti itavaliwa.

Ya tano, na ndiyo inakaza zile zote, ni haya. Mtu anayeogopa kuchekwa haendi kupimwa. Akienda, hasemi ukweli, na muganga anapima mahali pasipo na ugonjwa. Anaoa ili watu wanyamaze, na mke anapata ugonjwa bila kujua ulitoka wapi.

Angalia Zanzibar yenyewe. Mwaka 2007 walipima wanaume 509 wa Unguja wanaolala na wanaume. Zaidi kidogo ya 12 kwa kila 100 walikuwa na virusi, wakati kwa watu wote wa kisiwa hawakufika hata 1 kwa 100. Wengi wa wanaume hao walikuwa pia na wanawake. Mwaka mmoja kabla, kikundi cha Uamsho kilikuwa kimepinga sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu Freddie azaliwe, ikafutwa. Walifaulu kuzima sherehe, lakini ugonjwa ulibaki kisiwani.

Na sisi?

Kongo haina sheria inayotaja na kuadhibu mwanaume anayelala na mwanaume. Lakini kuna ulimi wa jirani, na wakati mwingine ulimi wa mtu wa kituo cha afya. Musikilizaji ajue: sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda mtu mwenye virusi asibaguliwe, na muganga ana lazima ya kutunza siri.

Leo dawa ziko, na mwenye kuzimeza kila siku anaweza kuzeeka. Zaidi ya hapo, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulifuata jozi 782 za wanaume Ulaya, mmoja ana virusi lakini dawa zimevishusha mpaka havionekani kwenye kipimo, mwingine hana. Walilala bila kapoti mara maelfu na maelfu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Kuna pia dawa za kumeza kabla, kwa asiye na virusi, ili visimuingie.

Freddie Mercury alikuwa na pesa, waganga wazuri na jina kubwa, lakini dawa ilichelewa kufika kwake. Kwetu dawa imeisha kufika, na kinachochelewa ni mtu kuingia mlangoni. Kama uko na wasiwasi, nenda upimwe, na umwambie muganga ukweli wa namna unavyoishi. Na wewe uliye muganga, au mama, au kaka wa mtu kama huyo, jibu lako la kwanza ndilo litaamua kama atarudi.